Sarafu Iliyompita Loice Mkononi

Loice Nyakerario alikaa miaka saba kwenye kidirisha cha choo cha kulipia, kando ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Alifungua saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, malori ya ndizi yakiwa bado yanapakia, akakaa hapo mpaka saa saba mchana. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza: pokea shilingi kumi, toa karatasi, rudisha chenji, na mwambie anayekuja mbio ameshika tumbo kwamba hapana, hapa watu hulipa kabla ya kuingia. Wachuuzi walimwita Mama Ogeto, kwa jina la kifungua mimba wake. Mumewe, Abner, alikuwa nyumbani Ikonge na majani chai yao. Loice alikodi chumba mjini, na kila Ijumaa mchana alipanda kwenda kwake kabla Sabato haijaingia.

Ila alikuwa na kitu ambacho wengine wanaoshika sarafu kutwa hawakuwa nacho. Alikuwa na macho.

Hakuzaliwa nayo. Mwaka wake wa pili kazini alipokea shilingi kumi ambayo kitovu chake cheupe kilikuwa kimesogea upande mmoja, pete ya njano ikawa nene huku na nyembamba kama uzi kule. Alidhani ni bandia. Akaiweka kando, na siku hiyo hiyo akamwonyesha Cleophas, mpima ardhi aliyekuwa na ofisi ghorofani ng'ambo ya barabara, jengo lisilokuwa na maji, kwa hiyo mteja wake wa kila siku.

Cleophas aliigeuza, akaitazama kwa kioo kidogo cha kukuzia alichokuwa akikitumia kusomea ramani.

"Mama Ogeto," alisema, "hii si bandia. Hii mashine ilikosea. Iko watu wanatafuta kitu kama hii, na mimi ni mmoja wao."

Alimpa shilingi mia tatu. Loice aliuliza mara mbili kama hatanii. Tangu siku hiyo Cleophas hakupita kidirishani bila kusimama, na kila aliposimama alimfundisha jambo. Alimfundisha kwamba mkwaruzo huingia ndani ya sarafu, lakini ufa wa muhuri unaoichapa huvimba nje, kwa sababu chuma hujaa kwenye ufa kinapogongwa. Alimfundisha kwamba sarafu iliyomegwa mashineni, ukingo wake wa upande wa pili mkabala na pengo hufifia, ilhali iliyokatwa kwa msumeno na fundi mwongo ukingo wake wa pili hubaki mzima. Alimfundisha kutofautisha herufi zilizochapwa mara mbili na herufi zilizokanyagwa na gari. Loice aliyashika yote. Hakuwa amepita darasa la saba, lakini baada ya mwaka mmoja Cleophas ndiye aliyekuwa akimletea sarafu amwulize.

"Hii nimeuziwa elfu moja. Unaonaje?"

Loice angeipapasa kwa kidole gumba kabla hata ya kuitazama. "Umeibiwa, baba. Imelazwa kwenye asidi."

Na mpima ardhi, mtu wa digrii na tai, angecheka kwa uchungu na kuwaambia waliopanga foleni, "Huyu mama ana macho kuliko mashine."

Maneno hayo Loice aliyabeba mpaka chumbani kwake. Aliyapikia chai. Shilingi mia mbili hapa, mia nne pale, hizo zilisaidia kununua mbolea na sare za shule, lakini zilikwisha. Kuitwa mtu mwenye macho hakukuisha.

Ruth alikuja baada ya miaka mitano, kushika zamu ya mchana. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane kutoka Nyacheki, mwenye mtoto mmoja na kicheko cha karibu. Jasper, mzee aliyekodi choo hicho na vingine vitatu mjini, alimleta akasema, "Mama Ogeto, huyu utamwonyesha kazi."

Loice alimwonyesha kazi. Na kwa kuwa Ruth alimsaidia kubeba maji, na alimwita mama kwa heshima, na alimletea mboga ya chinsaga kutoka kwao kila aliporudi, alimwonyesha na sarafu pia. Alimpa sheria yake: ukiona yenye kasoro, weka kumi yako sandukuni ndipo uichukue, mzee asipungukiwe. Akampa na njia yake.

"Shika juu na chini kwa vidole viwili, hivi. Kisha igeuze kama ukurasa wa kitabu. Ngao ikiwa imesimama upande huu, simba naye asimame upande ule. Usiache kugeuza. Kuna kosa ambalo kila upande ukiutazama peke yake uko sawa."

"Umewahi kuliona hilo, mama?"

"Bado. Lakini liko."

Kwa miaka miwili wakawa hivyo, mmoja asubuhi, mmoja mchana, wakikutana saa saba kukabidhiana ufunguo na sarafu arobaini za chenji. Ruth aliokota vitu vidogo vidogo, herufi iliyojaa uchafu, ukingo uliovimba. Loice alimsifu kama mtu anavyomsifu mtoto aliyejifunga kamba za viatu.

Kisha ikaja Jumatano moja ya mwezi wa nne. Loice alimwachia Ruth chenji kama kawaida, akaenda zake kulala, kwa maana mvua ilikuwa imemnyeshea asubuhi. Siku ya pili yake, Alhamisi ya soko, Cleophas alikuja mapema kuliko kawaida, bila tai, anatabasamu kabla hajafika.

"Bwakire, Mama Ogeto! Umesikia? Mwanafunzi wako ametupiga sote!"

"Ametupiga nini?"

"Jana jioni Ruth alinipigia simu. Ameipata. Ile ya muhuri kupinduka! Simba kichwa chini kabisa, na sarafu yenyewe inang'aa kama imetoka leo. Nimempigia mtu wa Nakuru usiku huo huo. Ametoa elfu kumi na nane, mama. Elfu kumi na nane!"

Nyuma yake watu watatu walikuwa wakingoja kwa miguu iliyobanana. Loice alipokea kumi ya wa kwanza, akampa karatasi mbili badala ya moja.

"Aliipata wapi?" aliuliza.

"Si hapa hapa? Anasema ilikuwa kwa zile za chenji ulizomwachia."

Hapo ndipo kitu kilipomchoma Loice, chini ya titi la kushoto, kama sindano ya kushonea magunia. Zile za chenji. Zile alizozihesabu yeye mwenyewe, mojamoja, kwa vidole vyake mwenyewe, akazipanga kumikumi. Ilipita hapa. Ilimpita mkononi, na alikuwa ameacha kuzigeuza. Alijaribu kukumbuka ni lini hasa aliacha, akashindwa. Ilikuwa labda mwaka, labda zaidi. Alikuwa akitazama upande mmoja tu na kuzipapasa, kwa kuamini kwamba kasoro yoyote ingemwita yenyewe.

"Mungu ni mwema," alimwambia Cleophas.

"Mwema sana! Na wewe ndiye mwalimu, usisahau."

Saa saba Ruth alifika na mfuko. Ndani mlikuwa na sukari kilo mbili, majani chai ya dukani ya pakiti kubwa, na leso mpya ya rangi ya machungwa. Alimshika Loice mikono yote miwili.

"Mama, bila wewe ningeitoa chenji kwa mtu. Niligeuza vile uliniambia. Kama ukurasa wa kitabu."

"Nashukuru, mwanangu," Loice alisema, na uso wake ukatii, ukatabasamu. Lakini njiani kuelekea chumbani alikuwa akihesabu: leso mia nne, sukari mia tatu na kitu, majani mia na kitu. Elfu moja haifiki. Sarafu ilikuwa ya chenji yangu, na mimi ninaletewa sukari. Alipofika alimpa jirani sukari yote. Leso aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, mahali ambapo hata panya angeichelewa.

Ijumaa alipofika Ikonge alimweleza Abner, akiwa anamenya ndizi za kupika. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, kama habari ya mtu wa mbali.

Abner aliuliza, "Kama ungeiona wewe, ungempa ngapi?"

"Nani?"

"Huyo Ruth."

Loice alimenya ndizi nyingine kwa nguvu mpaka nusu ya nyama ikaenda na ganda. "Nimpe kwa lipi, na ingekuwa imepatikana asubuhi, yeye hayupo?"

Abner hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa kuuliza mara moja.

Kuanzia juma lililofuata Loice aligeuza kila sarafu. Shilingi kumi, ishirini, tano, hata shilingi moja zenye twiga ambazo watu walimrundikia kumikumi. Foleni ikawa ndefu mpaka kwenye meza za nyanya. Watu walipiga kelele.

"Mama, unasoma nini hapo? Injili?"

"Fungua mlango, tafadhali, nitaaibika!"

Aligeuza asubuhi, aligeuza mchana, akaanza kukaa hata baada ya saa saba, akijisingizia kufagia, ili azigeuze na za Ruth. Simba wote walikuwa wamesimama. Akapata vidonda kwenye ncha za vidole. Na kila alipokaa pale alimsikia Ruth akicheka na wateja, akasikia mambo ambayo yalimzidishia sindano. Kijana wa boda boda akiita, "Uko wapi yule dada wa sarafu?" Mwalimu wa kike aliyeshuka kutoka Nyamira na kopo la sarafu za zamani, akipita mbele ya Loice kana kwamba ni nguzo ya mlango, "Samahani mama, Ruth anaingia saa ngapi?"

Cleophas naye. Hilo ndilo lililomla zaidi. Mpima ardhi aliyekuwa akija saa nne asubuhi bila kukosa, kama mtu mwenye saa tumboni, sasa alikuja saa tisa. Loice alijua, kwa sababu alijificha kibandani kwa mwuza mahindi ya kuchoma akamwona. Alimwona anasimama kidirishani, anatoa kioo chake, anampa Ruth sarafu, anangoja jibu huku ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akiinamisha kwake. Kisha akacheka. Kuhusu nini, hakusikia. Mahindi yalimpoa mkononi.

Alianza kumwona Ruth kwa macho mapya. Viatu alivyovaa vilikuwa vya mtumba, lakini Loice aliviona vipya. Godoro alilomnunulia mtoto wake likawa, katika kichwa cha Loice, kitanda kizima na kabati. Ruth alipomwita mama, alisikia kejeli ndani yake. Ruth alipokosa kumwita mama siku moja kwa sababu alikuwa na jino linauma, alisema moyoni, ndiyo hivyo, sasa amenizidi. Hakukuwa na jambo ambalo Ruth angefanya likakosa kuwa kosa.

Mwishoni mwa mwezi wa sita Jasper alikuja kuchukua fedha, kama ilivyokuwa desturi yake kila Jumatatu saa sita. Alikuwa mzee mkavu, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, na alipenda kumsifu Loice kwamba sanduku lake halijawahi kupungua hata shilingi. Alikuwa amekwisha kufunga mfuko, anageuka kuondoka.

"Mzee," Loice alisema. "Nikuulize kitu. Zile sarafu za bei kubwa zinazotoka kwa sanduku lako, ni za nani?"

Jasper aligeuka tena. "Sarafu gani za bei kubwa?"

Na Loice akamweleza. Hakusema uongo hata mmoja. Alieleza habari ya simba aliyepinduka, ya mtu wa Nakuru, ya elfu kumi na nane. Alisema jina la Ruth mara tatu. Jina lake mwenyewe halikupata nafasi, wala mfuko wa kitambaa aliouficha chini ya godoro lake chumbani, wenye sarafu sitini na moja ambazo nazo zilipita kwenye sanduku hilo hilo.

"Alirudisha kumi badala yake," aliongeza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Kumi!" Jasper alisema. "Ng'ombe wangu anachukuliwa, ninaachiwa kamba!"

Ruth alifutwa siku hiyo hiyo, saa saba, mbele ya watu waliokuwa wakinawa mikono. Loice hakuwepo. Alikuwa ameondoka dakika kumi mapema, akapitia njia ya nyuma ya mabucha.

Basi akapata yote. Jasper alimpa zamu zote mbili na nyongeza ya elfu mbili. Akampa na amri mpya.

"Kama hizi kitu zina bei, basi ni biashara. Wewe ndiye unajua. Kila sarafu mbaya unaniwekea hapa," na akamkabidhi kopo la rangi lililooshwa. Juma lililofuata akaanza kumletea sarafu za vile vyoo vingine vitatu, magunia madogo mazito kama maharagwe mabichi, azipitie zote kabla hazijapelekwa benki. Loice alikaa nazo mpaka macho yakatoa machozi. Ufa uliovimba, ukingo uliomegwa, kitovu kilichosogea: alivitia koponi kimojakimoja, na havikuwa vyake. Hapakuwa na wa kumwambia "tazama hii." Zamani alikuwa akiweka moja mfukoni na siku nzima ikawa na joto lake. Sasa alizichukia hata zile nzuri.

Na Cleophas alirudi kupita asubuhi, ni kweli. Alitoa shilingi kumi, akapokea karatasi, akaingia, akatoka. Siku ya tano Loice hakuweza kuvumilia.

"Baba, mzee Jasper ana kopo zima. Kuna kitovu kimesogea hata kuliko kile cha kwanza. Njoo utazame."

Cleophas alitazama kopo bila kuinama. "Hapana, Mama Ogeto. Hizo sitanunua."

"Kwa nini?"

"Ruth alinionyesha kila moja aliyoipata, na akaniambia ameweka kumi, na bado akafukuzwa. Ni nani alimfundisha kuweka kumi?" Kisha akaenda kunawa mikono.

Ruth mwenyewe hakwenda mbali. Alipanga meza ya ndizi mbivu upande wa pili wa barabara, mahali ambapo kutoka kidirishani ungemwona mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi vidole vya miguu. Kila asubuhi alipokuwa akipanga vichana vyake alipunga mkono. "Bwakire, mama!" Loice aliitikia akijifanya anatafuta kitu sakafuni. Mezani, kando ya ndizi, Ruth aliweka kibao cha boksi alichoandika kwa kalamu nene: NAANGALIA SARAFU, BURE. Na watu walikwenda. Walinunua ndizi za shilingi kumi na tano, wakatoa sarafu mfukoni, wakainama. Cleophas alikwenda. Mwalimu wa Nyamira alikwenda na rafiki zake wawili. Loice alikuwa na kidirisha kutwa nzima, na nyongeza, na kopo, na bado aliona meza ya mbao na mwavuli uliochanika, akaitamani.

Alivumilia mpaka mwezi wa tisa. Alhamisi moja jioni, alipofunga, alivuka barabara. Hakuwa amepanga maneno. Ruth alikuwa akipanga ndizi zilizobaki katika kreti.

"Ruth. Mwanangu. Ni mimi nilimwambia mzee."

Ruth aliendelea kupanga. "Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia siku ile ile. Alisema, 'Hata Mama Ogeto amekushtaki.' Najua tangu siku ya kwanza, mama."

"Na unanisalimu kila asubuhi!"

"Sasa nikupige mawe?"

Loice alisimama pale, mikono haina kazi. Alitarajia aibu, na ilikuja, lakini pamoja nayo ikaja ile sindano tena, palepale chini ya titi. Miezi mitatu mtoto huyu amenijua na hakusema neno. Mimi nisingeweza. Hata uvumilivu wake alimwonea wivu, na alipogundua hivyo aliogopa, kama mtu anayekuta ugonjwa umefika mfupani.

"Ile sarafu," alisema, "niliishika. Niliihesabu na zile zingine. Sikuigeuza. Nilikufundisha kugeuza, na mimi mwenyewe niliacha. Ndicho kilichonikera. Si pesa. Hapana, na pesa pia. Pesa pia, Ruth."

Ruth aliinuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, na hakukuwa na kicheko.

"Mama, mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa karo mwezi wa saba. Nilimpeleka Nyacheki kwa nyanya yake. Bado yuko huko. Unataka niseme nimekusamehe?"

"Sijui ninataka nini."

"Basi nenda nyumbani. Mimi siwezi kusema leo."

Loice alikwenda. Jumatatu saa sita Jasper alipokuja, alikuta mezani, kando ya kopo la rangi, mfuko wa kitambaa.

"Hizi ni zangu," Loice alimwambia. "Yaani ni zako, kwa hesabu uliyotumia kwa Ruth. Sitini na moja. Nilianza kuzichukua miaka mitatu kabla yeye hajaja. Na sheria ya kuweka kumi ni yangu. Kama yeye ni mwizi, mimi ndiye niliyemzaa."

Jasper alifungua mfuko, akazitazama, asielewe ipi ina nini. 

"Mbona unaniambia sasa?"

"Nimechoka."

Mzee alipima mambo. Mtu ambaye sanduku lake halijapungua miaka saba, nje angempata wapi? Mwishowe aliuchukua mfuko wote, akafuta ile nyongeza ya elfu mbili, akamrudisha kwenye zamu ya asubuhi tu. Kwa Ruth alituma ujumbe kwamba mchana ni wake akitaka. Ruth alijibu kwamba ndizi zinamtosha, asante. Jasper akamleta Ian, mpwa wake, aliyepokea fedha bila kuondoa macho kwenye simu.

Abner, Loice alipomweleza yote hayo Ikonge, aliuliza swali moja tu. "Huyo mtoto wa Ruth, karo ni ngapi?" Wakauza majani chai ya mwezi huo na jogoo wawili. Ruth alizipokea fedha kwa mikono miwili bila kusema mengi, na muhula wa mwisho ukiwa umeshaanza, mtoto alirudi Kisii, mwembamba kidogo, amejifunza kuchuma chai.

Baada ya hapo Loice alinunua ndizi kwa Ruth kila Alhamisi. Walisalimiana. Ruth alimwita mama, lakini neno hilo sasa lilikuwa fupi. Loice hakulalamika. Alikula ndizi zake chumbani, na siku nyingine bado alijikuta akihesabu ni watu wangapi wamesimama kwenye meza ile, akaudhika na idadi, akajikemea, akahesabu tena.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, Loice alipofika mezani, Ruth alikuwa ameshika simu, uso umebadilika. Mtoto alikuwa ameanguka shuleni.

"Si mbaya sana, wanasema ni goti," alisema haraka, akifungua aproni. "Mama, nitazamie ndizi. Zile kubwa ni ishirini, ndogo ni kumi na tano. Nakuja."

Akaondoka bila kungoja jibu. Loice alikaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokuwa akikitazama kutoka ng'ambo kwa miezi minne. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Aliuza kichana, akauza ndizi nne, akafukuza nyuki.

Kisha akaja mwanamume wa makamo aliyevaa buti za shambani, akasimama mbele ya kile kibao cha boksi, akatoa shilingi ishirini iliyofungwa ndani ya karatasi.

"Huyu Ruth wa sarafu ni wewe?"

Ilikuwa imelala kiganjani mwake, tembo akiwa juu, na hata kwa umbali huo, katika mwanga wa saa kumi, Loice aliona kitu kwenye ukingo wake. Vidole vyake viliinuka vyenyewe kutoka mapajani. Cleophas alikuwa anashuka ngazi za ofisini kwake ng'ambo ya barabara, anaangalia upande huu.

"Si mimi," alisema. "Ametoka kidogo, ameenda kumwona mtoto."

"Basi wewe huwezi kunitazamia? Nimetoka mbali, nimetoka Ikonge."

"Ikonge sehemu gani?"

"Juu ya kituo cha kununulia chai."

"Sisi ni majirani, basi." Loice aliisogeza kreti tupu kwa mguu, akaipangusa kwa upindo wa leso yake. "Kaa hapo, baba. Mngoje mwenyewe, hatachelewa. Kula ndizi."

Yule mtu aliketi, akaifunga sarafu yake tena ndani ya karatasi. Loice alimchagulia ndizi iliyoiva vizuri, akapokea shilingi kumi na tano, akazitia katika kikombe cha Ruth.